Nilibadilisha Pikapu za Gitaa, Mama Mkwe Akaenda Kupimwa Masikio

Ni mimi. Nasema mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine. Aliyeharibu kwaya siku ya Sikukuu ya Mavuno ni mimi, wala si yule mama mliyemsema mpaka akaacha kuimba. Jina langu sitaliandika, ingawa kama unakaa Kijenge na unasali kule kwetu, ukifika katikati utakuwa umeshanijua. Ukinijua, nyamaza!

Mwenzenu napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya usharika. Siku za kazi nauza spea za magari mjini. Na kuna binti mmoja wa sauti ya kwanza, tumwite Rehema, ambaye nilimpenda na mpaka sasa nampenda. Tatizo halikuwa Rehema. Tatizo lilikuwa mama yake.

Mama Rehema ni Mmeru wa Nkoaranga, mjane, mtu wa maneno machache. Ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo zote za kwaya, tangu Rehema hajazaliwa. Kwetu vyombo havitangulii. Anaanza yeye peke yake, mstari mzima, kanisa limetulia, halafu sauti nyingine zinaingia, ndipo sisi wa magitaa tunafuata. Sasa huyu mama alikuwa na imani yake kwamba wapiga magitaa wote ni wahuni. Nikimwambia "Shikamoo mama," anaitikia "Marahaba" kama anayerudisha chenji, halafu anapita zake.

Gitaa letu ni jekundu, zuri sana, tuliletewa zamani na marafiki wa usharika kutoka Ujerumani. Lakini lilikuwa linavuma! Ukichomeka waya tu, spika inaanza: mmmmmmm. Watu walishazoea, wakaupa ule mvumo jina la nyuki. Mchungaji akisoma matangazo, nyuki yupo. Tukifumba macho kuomba, nyuki yupo.

Na Mama Rehema alikuwa anasimama jirani kabisa na spika. Kila mara kabla ya kuanzisha wimbo nilikuwa namwona anainamisha kichwa upande wa spika, anafumba macho, anakunja uso. Moyo ulikuwa unaniuma! Nikawa najisemea, maskini, nyuki anamtesa huyu mama. Na mwenye nyuki ni mimi. Ndiyo maana hanipendi!

Jamani, ningemuuliza tu. "Mama, huu mvumo unakusumbua?" Basi, kwisha. Lakini wapi, nilijiona mjanja.

Bosi wangu alikuwa ananituma Nairobi kufuata spea. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu anapita mpaka wa Namanga na kurudi na kitu ambacho nyumbani kwao hawajawahi kukiona. Safari moja nikajipenyeza kwenye duka la vyombo vya muziki, nikamweleza muuzaji habari za nyuki wetu. Akacheka. Akasema hiyo ni shida ya pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya zinazokaa chini ya nyuzi na kupeleka sauti kwenye spika. Za gitaa letu ni za koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya, na koili moja inanasa umeme wa ukutani kama antena, ndio huo mnaousikia ukivuma. Dawa yake ni pikapu ya koili mbili zilizozungushwa kinyume, ili moja ifute mvumo wa mwenzake.

Akanipangia tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa koili moja kama zetu, ila mpya na kali zaidi. Hiyo nikaisukuma pembeni. Ya pili ilikuwa ya koili mbili lakini nyembamba, imetengenezwa iingie kwenye nafasi ya ile ya zamani bila kuchonga chochote. Ya tatu ilikuwa pana, koili zimelala ubavu kwa ubavu, mfuniko wake unang'aa. "Hii ndiyo kimya kuliko zote," akasema, "ila utachonga mbao." Mtu mwenye akili zake angechukua ya pili. Mimi nikasikia neno "kimya" nikaona kabisa keki ya harusi. Nikabeba zile pana!

Jumamosi, kesho yake ndiyo Mavuno, nikalichukua gitaa kanisani. Nikamdanganya Mwalimu wa kwaya kwamba nakwenda kubadilisha nyuzi. Nyumbani nikashika patasi nikachonga gitaa la usharika, mali ya watu, bila ruhusa ya mtu yeyote, huku napiga mluzi. Pikapu za zamani nilizing'oa kwa pupa mpaka waya wake, ambao ni mwembamba kuliko unywele, ukakatika. Sikujali. Nikasema nani atazitaka tena?

Nikaunga, nikachomeka. Kimya! Mpaka nikadhani spika imekufa. Nikagusa uzi mmoja, ikatoka sauti nene, safi, tamu. Nilirukaruka chumbani peke yangu, dada yangu akaja kuchungulia kama niko mzima.

Jumapili kanisa lilijaa. Mbele kulikuwa na mikungu ya ndizi, maboga, kuku, vyote vikisubiri mnada baada ya ibada. Wazee wangu wawili walikuwa wametoka Moshi makusudi wamwone huyo mama watakayekwenda kumposa binti yake. Na mimi sikuwa nimemwambia mtu habari za pikapu, nilitaka iwe sapraizi.

Mama Rehema akasimama mahali pake. Akainamisha kichwa kwenye spika, akafumba macho. Akakaa hivyo. Akaendelea kukaa hivyo. Akafumbua macho, akaitazama spika, akanitazama mimi. Na mimi nikamkonyeza! Haki ya Mungu, nilimkonyeza mama mkwe madhabahuni.

Akaanza. Akaanzia juu, juu huko ambako hajawahi kufika. Sauti ya kwanza walipoingia ilikuwa ni mayowe matupu, besi wakawa wanaimba kama wameng'atwa na siafu. Halafu magitaa tukaingia palepale tulipozoea. Watu kule, vyombo huku! Jogoo mmoja wa mnada akawika. Watoto wakaanguka kwa kicheko, wazee wangu wakainama chini ya benchi. Mwalimu akatusimamisha, Mama Rehema akaanza upya, safari hii akaanzia chini mno mpaka wimbo ukakwama kooni.

Mnada Mama Rehema alikuwa haukosi, lakini siku hiyo hakuusubiri. Na mimi nilibaki nashangaa kama ninyi. Nilidhani ni furaha ya kuondolewa nyuki imemchanganya.

Maneno yakaanza. Mama Rehema amezeeka. Masikio yamekwenda. Mwalimu, kwa upole kabisa, akampa mama mwingine kazi ya kuanzisha, na mimi nikaambiwa niwe natangulia kupiga nyuzi kidogo. Mama Rehema akaacha kuja mazoezini.

Nikaenda kumsalimia nyumbani na gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, mkononi, nijifanye mtu wa faraja. Nilimkuta sebuleni na Rehema. Kwenye kona kulikuwa na friji jipya alilonunuliwa na mwanawe mkubwa, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Rehema akambembeleza, "Mama, tuimbie hata ubeti mmoja." Mama akasimama, akasogea karibu na friji. Akainamisha kichwa. Akafumba macho. Akaanza, na nilipogusa uzi, alikuwa pale pale pa siku zote!

Tukapiga makofi. Friji likatikisika, likazima, kama mafriji yanavyofanya. Mama akaanza wimbo wa pili, akapotea kabisa.

Nikaligeukia friji. Ule mvumo ni noti, jamani! Ni noti moja, haibadiliki, maana umeme ni uleule, uwe wa spika au wa friji. Miaka yote hiyo Mama Rehema alikuwa anachukua sauti yake kwa nyuki bila mwenyewe kujua, na sisi tulikuwa tunakaza nyuzi zetu kwa kumfuata yeye. Alikuwa haumwi pale kwenye spika. Alikuwa anasikiliza!

"Umeona?" akaniambia kwa unyonge. "Sasa hivi ninayo, sasa hivi imeondoka. Ni masikio, baba. Nataka niende kwetu Nkoaranga nikapimwe."

Aliniita baba! Hajawahi. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nilifungua mdomo niseme, na kilichotoka ni, "Nitakusindikiza, mama."

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Pikapu ni ujinga, mtu anasamehewa. Lakini nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ya lile shimo nililochonga kwenye gitaa la watu na kwa sababu ya hilo neno baba.

Basi tukapanda hospitali ya Nkoaranga. Daktari akamchungulia masikio kwa taa, akamnong'oneza upande huu na upande ule, akamwambia, "Mama, masikio yako ni ya msichana." Tukatoka kukaa kwenye benchi nje. Mama Rehema akanishika mkono.

"Wanangu wa kuzaa wana shughuli zao," akasema. "Wewe umeacha duka la watu ukanileta. Nilikuwa nakufikiria vibaya. Waambie wazee wako waje."

Jamani jamani jamani! Nilitaka kumbusu daktari. Nilitaka kuchinja kitu. Na hapohapo nikakumbuka kwamba neno hilo la kuwaita wazee nilikuwa nimeliiba.

Tukaanza kushuka kwa miguu, kile kinjia cha katikati ya migomba na kahawa, mvua imetoka kunyesha. Mama alikuwa mbele, anatembea kama hana miaka. Akasema bila kugeuka, "Basi kama si masikio, ni uzee. Nitamwambia Mwalimu nimeacha moja kwa moja. Hata kiitikio sitaitikia tena."

Mguu ukateleza. Nikakaa chini kwenye tope, pwaa! Na palepale kwenye tope, bila hata kujaribu kuinuka, nikayamwaga yote. Nyuki, Nairobi, patasi, friji.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Nyuki?" akauliza.

"Nyuki, mama."

"Kwa hiyo ninachunguliwa masikio kwa taa, wewe unajua."

"Ndiyo, mama."

"Nimekushika mkono pale kwenye benchi, wewe unajua."

Nikaanza kufuta tope mikononi.

"Lile neno nililokupa, nirudishie."

Mungu anione, nilinyoosha mikono yote miwili kama nina kitu cha kumpa. Akageuka akashuka zake. Uchumba wangu uliishi kwa muda wa kushuka nusu ya kilima.

Nililia, sifichi. Rehema hakusema nami. Jumapili nikasimama mbele ya usharika wote, gitaa likiwa wazi kila mtu alione shimo, nikaeleza. Nilitegemea wanizomee. Walicheka! Mchungaji alivua miwani akajifuta macho. Akina mama waliomsema Mama Rehema wakamfuata mmoja mmoja kumwomba radhi, na Mwalimu akamrudishia kazi yake mbele ya watu. Nikajitolea kutafuta pikapu za koili moja, nirudishe nyuki kanisani.

Mama Rehema akakataa. "Sitaki tena kushikwa mkono na spika," akasema. "Kuanzia leo naanza ninapotaka mwenyewe. Wewe ndiye utakayenitafuta. Siku utakayonipata kabla sijamaliza mstari, tutazungumza habari za wazee wako."

Ee bwana, nimeteseka! Mama huyu ni mkorofi, hamumjui. Jumapili hii anaanzia juu, ijayo chini, nyingine anaanzia mahali ambapo kwenye gitaa hapapo kabisa, katikati ya noti na noti. Mimi huku vidole vinakimbia kwenye shingo ya gitaa, jasho linanitoka, kanisa zima limeacha kumwangalia mwimbaji linaangalia vidole vyangu. Nikifika, mstari umekwisha. Mzee mmoja wa kanisa ameanza kunipa pole mlangoni kabla ya ibada.

Jumapili iliyopita nikampata. Neno la tatu tu! Gitaa likakaa juu ya sauti yake bila mwanya. Nikainua macho kumtazama, nimejaa furaha. Akanitazama. Akatabasamu. Akapandisha! Na kwaya nzima ikapandisha naye, wote, kumbe walishapanga! Nikabaki kule nyuma peke yangu, nikaangua kicheko kanisani, tena kwenye wimbo wa toba. Yeye naye kicheko kikamponyoka katikati ya mstari.

Vijana wenzangu wapiga magitaa, siku hizi maduka yamejaa, pikapu za kila aina zipo. Nunueni, mvumo ni kero, sikatai. Lakini chukueni ile isiyotaka patasi, na zile za zamani mzing'oe taratibu mziweke. Na kabla hujamwondolea mtu kitu unachodhani kinamuumiza, mwulize kwanza, hata kama unamwogopa. Na ukishakosea, sema siku hiyohiyo. Usingoje mpaka akuite baba. Mimi nilingoja, na mama wa watu akabeba lawama yangu mpaka hospitali.

Jana jioni Rehema amekuja dukani na ujumbe kutoka kwa mama yake. Wazee wangu wanatakiwa Jumamosi. Gitaa nimeambiwa niliache nyumbani.