Tangazo kwa Shule Tupu

Siku ya Shukrani, sikukuu ya Wamarekani ya kula bata mzinga na familia, niliihutubia shule isiyo na mtu, na katikati ya hotuba shule ikapiga chafya.

Leo nacheka. Siku ile nusura niikabidhi roho kwa Muumba.

Naitwa Emmett Pelkey. Nasoma shule ya bweni huku kaskazini mwa Vermont, Marekani, ambako theluji huripoti kazini mapema kuliko walimu.

Jumatano wenzangu wote walichukuliwa na wazazi wao. Honi zikapigwa, akina mama wakawakumbatia watoto wao, mlango wa bweni ukabamizwa mara ya mwisho.

Kimya.

Ni friji tu ya jikoni iliyobaki ikinung'unika, nami nikaisogelea kwa ajili ya maongezi.

Baba haishi mbali. Huendesha gari la kusukuma theluji barabarani. Tangu mama aondoke, sisi wawili huongea kwa ujumbe mfupi, na mfupi kwelikweli.

Alikuwa ameniuliza: "Sikukuu unakuja?"

Nikajibu: "Usijisumbue, mzee. Nimealikwa nyumba tatu, nachagua yenye pai tamu."

Mwenye akili yeyote angeelewa maana yake: washa gari, njoo mbio.

Baba akanitumia picha ya kidole gumba: sawa.

Gumba! Nilikitazama kidole kile mpaka kikanizoea.

Kosa halikuwa la elimu. Bi Lachance, mwalimu wetu wa ufasaha, alishatufundisha: ili umshawishi mtu, pawe na msemaji, ujumbe, njia, mpokeaji na jibu. Kimoja kikikosekana, unabweka tu. Mtihani wa somo hilo niliufaulu vizuri mno.

Yeye ndiye aliyekuwa wa zamu sikukuu hiyo. "Wengine wanaichukia zamu hii," alituambia. "Mimi napenda utulivu."

Basi Alhamisi mchana nikajipenyeza chumba cha matangazo, nikabonyeza vitufe vyote, nikakohoa kwa heshima.

"Ndugu viti. Ndugu makabati. Mheshimiwa friji. Tumekutana hapa katika hali ngumu..."

Nilidhani ni utani. Sijui ulinigeuka saa ngapi.

"Baba, hakuna aliyenialika. Nimekula mkate na siagi ya karanga. Njoo unichukue."

"Chyaa!" spika ikajibu.

"Pole kwa mafua, shule," nikasema, nikiutafuta mlango.

"Ahsante," shule ikasema kwa sauti ya Bi Lachance. "Usiondoke hapo."

Kumbe kati ya vitufe vile kimoja kilifungua spika ya nyumbani kwake, hapo hapo shuleni, na ile husikia na kujibu.

Akaja na ndala, pua nyekundu. Nikaanza kujiona nikisugua masufuria mpaka nihitimu.

"Msemaji yupo," akasema. "Ujumbe safi. Njia, spika za shule nzima. Mpokeaji je?"

"Viti, Madam."

"Vimeshawishika?"

"Havijasogea."

"Basi mpigie mwenye masikio, we kichwa maji."

Nikapiga. "Baba, nilidanganya. Hizo nyumba tatu hazipo. Nataka kuja nyumbani."

"Hii mizaha yako, Emmett?"

"Siyo, baba."

Baba akakohoa.

"Bata mzinga mzima yuko mezani hapa ananitazama. Nilidhani kwangu utachoka na ukimya, mwanangu, ndiyo maana sikukulazimisha. Ngoja. Viatu vyangu viko wapi?"

Alikuja na gari lile lile la kazi, koleo kubwa mbele, taa za njano zikizunguka kama tunafunguliwa barabara kwenda Ikulu.

"Madam, twende wote," nikasema.

"Aa, nenda. Mimi napenda utulivu."

Sentensi ile niliijua. Ilikuwa ndugu wa damu wa "nimealikwa nyumba tatu", tofauti yake tu, hii imevaa miwani ya mwalimu.

Akarudi kwake. Nami nikarudi kwenye vitufe.

"Tangazo. Bi Lachance anasubiriwa kwenye gari la theluji. Bata ni mkubwa, walaji ni wawili, na mheshimiwa friji hataki kuongea na mtu leo. Ukikubali, tafadhali piga chafya."

Spika zikakwaruza. Nje baba akapiga honi.

Nikasubiri.

"Chyaa," spika ikasema.

Ile ya kwanza ilikuwa mafua. Hii, naapa, ilikuwa ya kuigiza.

Ndugu msomaji, chukua hili uende nalo: ukiulizwa kama unakuja, jibu kweli. Na anayekwambia anapenda utulivu siku ya sikukuu, muulize tena.