Gazeti Moja na Posa ya Majok

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hadi leo nikiikumbuka natazama chini, hata nikiwa peke yangu chumbani. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, hapa Juba, mtaa wa Hai Malakal. Nilikuwa kijana mwenye digrii kutoka Kampala na shati moja zuri, na vyote viwili nilivivaa kila siku.

Kina mama wa mtaa walikutana uani kwa Mama Achol kunywa chai. Wengi walikuwa na watoto Australia, waliochukuliwa huko kutoka kambi ya wakimbizi nchini Kenya; kambini ndiko kina mama wenyewe walikojifunzia Kiswahili. Kampeni za uchaguzi wa Australia zilikuwa zimepamba moto, nao walitaka kujua watoto wao wataongozwa na nani. Wakaniita mimi, "ustaz", yaani mwalimu, niwasomee habari.

Nilisoma gazeti moja tu la kule, kwenye simu, kwa kuwa lilikuwa la bure na Kiingereza chake kilinifanya nijione msomi. Chama kimoja kilitaka serikali itumie zaidi kwa shule na hospitali. Kingine kilitaka ibane matumizi na kupunguza kodi. Wachumi hubishana juu ya jambo hilo mpaka chai ipoe. Gazeti langu halikubishana; lilimnukuu mchumi mmoja tu, aliyesema chama cha kwanza kikishinda huenda viwanda vikafungwa. Kila siku kiongozi wa chama cha kwanza alitokea pichani mdomo wazi kama aliyeumwa na nyuki, na mpinzani wake amebeba mtoto. Niliona, mwanangu. Sitakudanganya kwamba sikuona. Ila kusema "huenda" mbele ya kina mama hakukuwa na utamu kama kusema nilichosema:

"Wachumi wamethibitisha. Chama hiki kikishinda, viwanda vitafungwa."

Mama Achol akaweka kikombe chini. Mwanawe, Majok, alifanya kazi katika kiwanda cha nyama Melbourne, na jioni alipiga hodi nyumba za watu kukiombea kura chama hichohicho. Akampigia simu palepale, sauti ya juu ili sote tusikie.

"Majok! Unawaombea kura watu watakaokufukuzisha kazi?"

"Mama, nani kakwambia?"

"Ustaz amesoma. Wewe unasoma nini huko, nyama?"

Kina mama wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Kisha Mama Achol akasema, "Kalas, basi. Baba zako wadogo hawaendi Gudele Jumamosi mpaka uachane na watu hao."

Jumamosi iliyofuata wazee wa Majok walikuwa wanatarajiwa mtaa wa Gudele kwa baba yake Nyibol, msichana ambaye Majok alitaka kumwoa, kuanza mazungumzo ya posa. Kwetu, kijana aliye ng'ambo hana njia nyingine ya kuufikia mlango wa wakwe.

Jioni Majok akanipigia. "Kaka, ulisoma magazeti mangapi?"

"Moja."

Nikamtajia jina lake, naye akasema, "Hapa hata wanaolinunua wanajua liko upande gani. Wako wachumi wanaosema kinyume kabisa. Sikuombi ukisifu chama changu. Mwambie mama tu kwamba ulisoma upande mmoja."

Nikamwahidi kwenda kesho yake. Jumatatu mvua ilinyesha. Jumanne nilikuwa natafuta maneno. Jumatano nikatafuta magazeti mengine nikayapata, na ndani yake wachumi wenye heshima zao wakimkanusha yule wa gazeti langu. Nikazima simu kana kwamba nimetukanwa. Nilikwenda Jumapili.

Siku moja kabla, Jumamosi, baba yake Nyibol alikuwa amepanga viti, amechinja mbuzi na kukaa na ndugu zake mpaka jua likazama. Hakuna aliyefika. Mama Achol hakutuma neno, kwa kuwa hadi saa ya mwisho alitumaini mwanawe atakubali. Mzee akasema watu wasiofika wameshatoa jibu, na akaufunga mlango.

Nilipomaliza kukiri, Mama Achol aliniuliza, "Ulijua gazeti lina upande?"

"Nilijua kidogo."

"Hicho kidogo ndicho ungetuambia, ustaz. Mengine tungeyapima wenyewe." Hakunigombeza. Alinimiminia chai.

Kiwanda hakikufungwa. Usiniulize ni kwa sababu ya nani. Nimekoma kujua mambo ya namna hiyo. Nyibol aliolewa kwingine. Majok hunisalimu kila Krismasi kwa upole, na upole huo unanichoma kuliko matusi.

Mwanangu, leo wewe ndiye unayewasomea wenzako habari. Waambie umezitoa wapi, na waambie usichokisoma. Ukisikia "wachumi wamesema", uliza ni wepi, na wenzao wamesemaje. Picha ikikuchekesha, jiulize nani aliichagua. Kusema "nimesoma upande mmoja" kunauma dakika moja tu. Na ukikosea, nenda siku ileile, hata kama mvua inanyesha, maana watu huendesha maisha yao kwa neno lako wakati wewe unatafuta maneno mazuri.

Mungu akupe ulimi usioona haya kusema "sijui". Akupe watu wa kukusahihisha mapema, na moyo wa kuwashukuru. Na asikuache kamwe uwe sababu ya mzee kungoja wageni wasiofika.