Mgongo Wangu na wa Mzee Yusufu

Ndugu zangu, kabla ya kuugua nilikuwa na kiburi cha mgongo. Nilikuwa mchukuzi katika bohari moja ya kahawa kule Bugolobi, miaka ile ya serikali ya wanajeshi. Gunia nililibeba peke yangu, na waliosaidiana wawili wawili niliwacheka. Nilikaa Kisenyi, chumba kimoja na Mzee Yusufu, mchukuzi mwenzangu, aliyenipokea kama mwanawe nilipofika kutoka Busia.

Asubuhi moja niliinama kuinua gunia, kitu kikakatika kiunoni. Kufikia wiki ya pili maumivu yalikuwa yameshuka tako la kushoto, yakapita nyuma ya goti, yakawaka hadi kidole cha mwisho cha mguu. Nikikohoa, machozi yananitoka. Chooni sikuweza kuchuchumaa. Nilisimama nikishika ukuta, nikajichafua miguu.

Msimamizi wetu alikuwa sajini, aliyepewa bohari baada ya Wahindi walioimiliki kufukuzwa nchini. Kwake migongo ilikuwa aina mbili tu: wa mgonjwa na wa mwongo.

"Wewe iko na mgongo? Mimi iko na dawa," alisema. "Lala chini!"

Nikalala kifudifudi juu ya saruji, wenzangu wakitazama. Basi kabla ya kiboko cha kwanza kutua, ule moto ukaanza kupanda. Ukauacha mguu, ukakusanyika kiunoni. Nikashusha pumzi, na sajini akaiona nafuu usoni mwangu.

"Muone! Anapumzika! Muongo huyu!"

Alinichapa hadi nikajikojolea. Mzee Yusufu ndiye aliyenibeba mgongoni hadi barabarani, akanipeleka hospitali.

Huko nilimkuta Sista wa mazoezi ya viungo, mama wa Kiganda mwenye sauti ndogo.

"Ssebo, bwana, inauma ukifanya nini? Na inapoa ukifanya nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo la pili. Kwa aibu nikamwambia ilipoa nilipolazwa chini nichapwe. Hakucheka. Aliniinamisha mbele, mguu ukawaka. Akanilaza kifudifudi, ukapoa.

"Bambi, pole! Mgongo yako ni ile ya kulala hivi. Uchungu ikipanda kwa kiuno, hata kiuno iume zaidi, usiogope. Ikishuka kwa mguu, wacha."

Kila siku nililala vile, nikajiinua kifua kwa mikono. Siku za mwanzo nilitetemeka nikingoja kiboko. Baada ya miezi miwili nilichuchumaa tena, nikalia kwa furaha mle mle chooni. Chekeni mkitaka.

Sasa sikieni uovu wangu. Mzee Yusufu naye alikuwa na mgongo wake, wa miaka mingi. Nikajifanya daktari. Nikamlaza kifudifudi, nikamwamuru ajiinue.

"Mutoto wangu, miguu inakufa ganzi. Mimi napata nafuu nikikaa nimeinama."

"Unadeka, Mzee. Mbona mimi nimepona?"

Nikamkandamiza kiuno kwa goti. Mzee wa mvi yule alimlilia mama yake, na mimi nikazidi kukandamiza. Nilipomwachia, hakuweza kusimama.

Nikamkimbilia Sista. Sijawahi kumwona na hasira vile.

"Nani alikuambia migongo yote ni moja? Ya huyu inataka kuinama mbele! Hukumuuliza?"

Mzee aliniambia mwenyewe bila kuulizwa, na mimi nikamwona mwongo. Nilijichukia, na bado najichukia.

Namshukuru Mungu, na Sista namwombea kila siku. Nawe unayeumwa, usiazime dawa ya mgongo wa jirani. Tafuta mtu atakayekuuliza inauma lini na inapoa lini. Na anayekuuguza, ukimwambia acha, aache.

Mimi nimepona, nabeba. Mzee Yusufu huenda msikitini kwa mikongojo miwili. Nilipopiga magoti kumwomba msamaha, nikamtajia sajini, kwamba nami nimekuwa kama yeye, alitikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Ule alikuwa hakujui. Wewe ulikuwa unanijua."