Nailoni ya Pakiti ya Sigara

Mzee dereva wa teksi alikuja kwetu, mtaani Kamalondo, kwa kupitia uani, si kwa mlango wa barabarani. Wakati ule watu wenye asili ya jimbo la Kasai walikuwa wameambiwa warudi kwao, na yeye alihesabiwa kati yao, ingawa alizaliwa barabara ya tatu kutoka kwetu na Kasai hakuwahi kuiona. Teksi yake ilichomwa moto mbele ya nyumba yake. Kabla vijana walioichoma hawajafika, aliwahi kung'oa kitu kimoja chini ya kiti: ampli, kile kisanduku cha chuma kinachokuza sauti ya redio ya gari. Ilikuwa ya zamani, nzito kama tofali, na tangu mvua zilizopita haikuwa imetoa sauti.

"Fundi," aliniambia, na hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo kabla yake, "kule banasema umeme hakuna. Lakini batiri iko. Nikiwa na hii, na redio yangu ya kaseti, nitapiga muziki mu ndoa na mu bilio ya matanga. Bila hii nitakula nini? Kulima sijui."

Yeye, mke wake na wajukuu walikuwa wakilala stesheni pamoja na wengine wengi, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itaondoka siku gani.

Nilikuwa nimeacha shule baada ya darasa la sita, migodi ilipoanza kufa na baba akarudi nyumbani. Ufundi nilijifunza kwa kufungua redio zilizokufa. Nikaweka taa ya mbele ya gari mahali pa fyuzi. Ndivyo tulivyofanya kazi: fyuzi za kupoteza hazikuwapo, na taa hula umeme kabla haujaunguza kilichobaki ndani. Taa ikiwaka kwa nguvu, ujue kuna shoti. Iliwaka hadi nikageuza macho. Nilitoa transista kubwa moja baada ya nyingine, na nilipotoa ya tatu taa ikafifia. Hiyo ndiyo iliyokufa. Nikapata nyingine kama hiyo katika ampli iliyotupwa na baa ya jirani.

Ilibaki mika. Mgongo wa transista ni chuma chenye umeme, haufai kugusa mwili wa ampli. Kati yao hukaa kipande chembamba cha mika, kinachopitisha joto na kuzuia umeme. Cha zamani kilisagika vidoleni mwangu. Mika tuliitoa tumboni mwa pasi za umeme zilizokufa, na fundi cherehani wa kwenye kona alikuwa na pasi kama hiyo chini ya meza yake.

"Mutoto wa waya," alisema bila kuacha kukanyaga cherehani, "leo umepotea njia? Ao umepata muchumba, nikushonee koti?"

Wanaume waliokaa kwenye benchi wakacheka.

"Naomba ile pasi ya kufa, papa. Nataka mika."

"Ya kutengeneza chombo ya nani?"

Jumapili iliyopita nilimwona akitembea mbele ya vijana walioimba kwamba watu wale waondoke. Mwingine angedanganya upesi. Mimi maneno hunijia polepole.

"Basi, papa. Naacha."

"Angalia anavyokimbia," alisema nyuma yangu. "Kama mwizi wa kuku."

Nikachukua ile nailoni inayofunika pakiti ya sigara, nikaikunja mara mbili, nikaipaka vaselini, nikafunga transista juu yake. Nilijua ni plastiki. Taa haikuwaka tena, nikarudisha fyuzi. Mzee aliweka kaseti katika redio yangu niliyoiunga na ampli, sauti chini sana ili majirani wasisikie, wimbo mmoja tu. Aliweka kiganja juu ya chuma.

"Iko inasema," alisema kwa sauti ya chini.

Aliifunga katika kitenge cha mke wake akapita uani.

Kesho yake niliweka kipande cha nailoni ile juu ya pasi ya makaa ya mama. Kilijikunja, kikatoboka, kikanata. Kwa wimbo mmoja wa sauti ya chini, ampli haikupata hata joto. Kwenye ndoa, sauti juu, isingemaliza saa moja kabla ya kuungua.

Nikarudi kwa fundi cherehani. Sikungoja aulize.

"Ni ya muzee wa teksi."

Mguu wake ulisimama.

"Muke wangu alizalia mu teksi ya ule muzee," alisema, bila kumtazama mtu. Akainama, akaweka pasi miguuni pangu. "Kwa nini jana haukusema?"

Niliinama, nikaiokota.

"Enda. Na usiseme ni miye nilikupa."

Stesheni watu walikuwa wamekwisha kupanda, hata juu ya paa. Nilimkuta mzee mlangoni mwa behewa la mizigo.

"Ampli iko wapi, papa?"

"Chini kabisa."

Alinionyesha rundo la magodoro na masufuria, na watoto wa watu wengine wamelala juu yake. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Nikampa mika niliyoifunga katika karatasi ya daftari.

"Ni ya nini hii?"

Maneno yote nilikuwa nayo: nilichoweka ndani ni kibaya, usiipige mpaka fundi wa kule abadilishe. Lakini behewa zima lilikuwa linanitazama.

"Ya akiba," nilisema. "Ikipata moto, uizime."

"Mumuone fundi," aliwaambia wajukuu. "Ameleta ya akiba mpaka hapa."

Akaitia mfukoni mwa shati, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Behewa likashtuka, likaanza kwenda. Nilitembea kando yake hatua kadhaa. Alikuwa bado karibu, angenisikia. Kisha nikasimama.