Injini ya Gari la Viti Viwili

Mume wangu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, na mtaani wanamwita Nyundo. Hasikii la mtu. Tangu ujana alitamani gari moja la spoti la zamani, la viti viwili, ambalo siku hizi halitengenezwi tena. Akaamua kujiundia lake uani kwetu, kwa kuangalia picha aliyoibandika ukutani.

Kazi ikiwa nusu, akapata kiharusi. Alipona, namshukuru Mungu, ila mguu wa kushoto ulibaki mzito. Klachi ya gari letu la nyumbani, inayokanyagwa kwa mguu huo, ikamshinda, na kila safari ikawa, "Mama watoto, nipeleke." Mtu aliyekuwa haniachii usukani hata kwa dawa, sasa anakaa pembeni yangu anakanyaga breki isiyokuwepo. Iliniuma mno kumwona hivyo.

Bodi aliimaliza hivyo hivyo, akigonga bati ameketi juu ya ndoo. Ikabaki injini. Mdogo wake, shemeji yangu anayeuza vipuri vya mitumba, alikuwa nazo mbili: ya silinda sita yenye gia za mkono, na ya silinda nne, otomatiki isiyo na klachi, iliyotolewa kwenye gari lililogongwa nyuma.

"Otomatiki ni ya kuendea sokoni," Nyundo akasema. "Gari hili lazima lingurume!"

"Na klachi utakanyaga na nini?" nikamuuliza.

Akajitia hamnazo. Shemeji naye akainua macho kuangalia paa, mwoga mkubwa yule.

Silinda sita ikaletwa, ikaning'inizwa kwa mnyororo mbele ya gari. Sasa, Nyundo ana mtindo wake wa kazi. Hakazi bolti ya injini kabla hajaketi kwenye kiti na kuigiza safari nzima, akikanyaga pedali na kunguruma kwa mdomo. Majirani wamemcheka mpaka wamechoka.

Basi akaketi. Pedali ya klachi na springi yake vilikuwa vimeshafungwa. Akanguruma gia ya kwanza, akanguruma ya pili. Kwenye ya tatu mguu ukaanza kutetemeka, pedali ikaishia katikati, na sauti ikamkatika. Akajaribu tena. Jasho likamtoka, pedali haikufika chini.

"Si nilikuambia" lilikuwa limeshanifika mdomoni. Nikalimeza, maana mume wangu alikuwa analia, nami nikalia naye. Shemeji akabaki ameshika mnyororo, hajui pa kutazama.

Nyundo akajifuta uso kwa kitambaa chenye grisi, akazidi kujipaka.

"Mdogo wangu, rudisha hilo dude lako," akasema. "Niletee ile otomatiki. Nataka kuendesha."

Ikafungwa. Asubuhi ya kuijaribu nilifungua geti nikasimama pembeni, nikingoja anikaribishe kiti cha pili. Injini ikawaka kwa upole. Nyundo akaweka gia, mguu wa kushoto umepumzika, akanipita huku akinguruma kwa mdomo kama mwendawazimu, akakata kona.

Alikuwa amenisahau! Mtu aliyekuwa haendi popote bila mimi ameniacha getini na kanga yangu, na sijawahi kufurahi kuachwa kiasi kile.