Mbio Zilizomuua Babu Kalolo Akiwa Mzima

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ya Ufipa imekaza mpaka kuku wenyewe wanatembea kwa kunyanyua mguu mmoja mmoja kama wanakanyaga makaa, nilipomuua mzee wa watu bila hata kumgusa. Tulia, mwanangu, usishtuke. Mzee mwenyewe aliishi miaka mingi baada ya hapo, tena akala na kuku wangu. Nitafika huko.

Najua mnavyonisema. Bibi Skola hatoki. Bibi Skola akialikwa harusi mtaa wa Majengo, mjini, anauliza kama harusi haiwezi kuletwa hapa nyumbani. Ni kweli, wala siwalaumu. Mimi na kiti changu tumeshaoana. Lakini katika maisha yangu nimependa vitu vitatu kwa wazimu kabisa: kukimbia, vitabu vya hadithi, na muziki wa dansi wa redioni. Hata leo, jua likishachomoza, nafunga kitenge, navaa raba, nakimbia. Nakimbilia wapi? Naizunguka nyumba yangu mwenyewe! Nikipita jikoni naangalia maharage, nikipita uani namfukuza mbuzi, naanza mzunguko mwingine. Mpenda kwake hakosi uwanja.

Basi wakati huo nilikuwa kidato cha tatu, nasoma bweni Sumbawanga mjini, na nilikuwa nimerudi likizo kijijini kwetu. Mwalimu wa michezo alikuwa amenichagua kukimbia mita elfu moja na mia tano kwenye mashindano ya shule za mkoa, akaniambia likizo yote nisikae bure, nifanye mazoezi. Nilichaguliwa, mwanangu! Mimi ambaye nilikuwa wa mwisho hata kwenye foleni ya uji! Habari hiyo niliibeba kifuani kama mtu aliyebeba yai, na nyumbani sikumwambia mtu.

Baba yangu alikuwa katekista, mtu mwema na mtaratibu, na methali aliyoipenda kuliko zote ilikuwa haraka haraka haina baraka. Tena pale kijijini mtu hakimbii hivi hivi. Wahenga walishasema, apitaye mbio kwenye miiba, kama hafukuzi basi anafukuzwa. Kwetu kulikuwa na sababu ya tatu: ana habari ya msiba. Simu hatukuwa nazo. Waliofiwa walimtuma mwenye miguu myepesi, akapita nyumba hata nyumba. Ukiona mtu anakimbia asubuhi, kimya, uso umekazwa, huulizi kitu. Unaweka jembe chini.

Kwa hiyo mazoezi nilifanya kwa siri, nyuma ya mashamba ya mahindi, ambako shahidi wangu alikuwa upepo peke yake. Vitabu nilivificha chini ya kikapu cha unga wa ulezi. Na nyimbo niliziimbia puani. Nilikuwa na wimbo mmoja hasa, niliujifunzia mjini, mtaa wa Majengo, kwenye duka la familia moja ya Kiislamu waliouza vitambaa na kuendesha malori. Redio yao iliimba kutwa nzima. Sisi wanafunzi tukienda kununua daftari pale, tulichagua daftari kwa muda mrefu kuliko mtu anavyochagua mchumba.

Asubuhi hiyo nilikuwa jikoni na riwaya niliyoazimwa na rafiki. Jalada lilikuwa limeshang'oka, jina lake silijui mpaka leo. Ilimhusu msichana aliyeendesha lori la chumvi. Amefika kwenye mto, daraja limechukuliwa na maji, wanaume wamekaa ukingoni wamekunja mikono wanamwambia, binti, rudi ulikotoka. Yeye anafunga mlango wa lori. Anaingiza gia. Maji yanapanda mpaka mlangoni, lori linayumba, na wanaume wale mmoja mmoja wanaanza kusimama... Mwanangu! Damu ilinichemka. Nilipofunga ukurasa ule sikuweza kukaa. Kitabu kilikuwa kimeniingia miguuni.

Nikatoka mbio. Sikukumbuka mashamba ya mahindi wala siri. Nilikatiza uani kwa jirani yetu, Babu Kalolo, ambaye alikuwa mgonjwa wa kifua siku nyingi na watu walikuwa wakimwombea kanisani, nikatokea katikati ya kijiji. Uso nimeukaza kwa baridi. Mdomo nimeufunga. Machozi yananitiririka, nusu ya upepo, nusu ya lile lori.

Aliyeniona wa kwanza ni Mama Deusi, akifagia kwake. Kila kijiji kina mtu mwenye kipaji cha kulia, na wetu alikuwa yeye. Aliangalia nilikotoka, akaangalia machozi, ufagio ukamdondoka, mikono ikapanda kichwani.

"Uwiii! Babu Kalolo katutoka jamani!"

Mimi sikusikia. Kichwani mwangu bendi ilikuwa inapiga. Nilikimbia mpaka mwisho wa kijiji, na nilipogeuka nikakuta watu wote wanakwenda upande mmoja kama maji ya mfereji. Wanawake mikono kichwani, wanaume na kuni mabegani. Nikamkuta Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake, anakokota mbuzi wa rambirambi.

"Shikamoo mzee. Kuna nini?"

"Marahaba. Kalolo amekufa."

"Jamani! Nani kasema?"

Akanitazama kwa huruma. "Si wewe?"

Ardhi, mwanangu, ina roho mbaya. Ukiiomba ipasuke uingie, inajifanya haisikii.

Tulipofika, Babu Kalolo alikuwa amekaa nje kwenye jua, blanketi mabegani, anakunywa uji. Umati ukasimama. Kilio kikakatika ghafla. Yeye akatuangalia, akaangalia zile kuni, akamwangalia yule mbuzi.

"Poleni," akasema. "Nani amefariki?"

Mama Deusi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele, akajibu kwa sauti ndogo, "Ni wewe, Baba."

Babu akafikiri kidogo. "Basi ningojeni nimalize uji."

Watu walicheka njia nzima kurudi makwao. Baba hakucheka. Katekista mtoto wake ametangaza kifo cha uongo, atasimama vipi mbele ya waumini? Hakunipiga. Alinisimamisha uani akasema taratibu, "Skolastika, kuanzia leo miguu yako ina safari mbili. Kisimani na kanisani."

"Na mashindano, Baba?"

Yai likadondoka.

"Mashindano gani?"

Basi yakatoka yote. Mwalimu, mbio, na Mama alipoinua kikapu cha unga, na riwaya pia. Baba akasema shule zikifunguliwa atakwenda mwenyewe kumwambia mwalimu atafute miguu mingine. Hapo nililia, na safari hii upepo haukuhusika.

Kesho yake Baba alinipeleka kwa Babu Kalolo kuomba radhi. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilikwenda na tetea wangu wa madoadoa, niliyemlea mwenyewe toka kifaranga.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekuja kuangalia kama nimeshaoza?"

Unajua utani wa babu na mjukuu, hauna mapumziko hata kwenye kesi. Nikamwinamia, nikamkabidhi kuku. Baba akaanza, "Mzee, tunaomba utusamehe. Huyu nimeshampiga marufuku kukimbia."

"Ngoja kwanza, Katekista. Marehemu ana swali." Akanigeukia. "Ulikuwa unakimbia nini?"

Nikamweleza. Kwanza kwa woga, halafu nikasahau kwamba nimekuja kuomba radhi. Nikamweleza lori na mto na wale wanaume, mpaka nikasimama kumwonyesha lilivyoyumba. Nikamweleza mashindano. Nikamweleza na wimbo uliokuwa kichwani. Macho ya mzee yule yakang'aa kama ya mtoto aliyesikia ngoma.

"Lilivuka?" akauliza.

"Lilivuka, Babu!"

"Safi!" Akapiga goti lake kofi, akakohoa, akatulia. Kisha sura ikabadilika. Aliyosema baadaye aliyasema kwa Kifipa, na nikiyaleta kwenye Kiswahili yanapungua chumvi, lakini ni haya:

"Basi kosa lako ni kubwa kuliko anavyofikiri baba yako. Furaha yote hiyo, na umeifunga mdomo! Mimi nitaijuaje? Furaha ikipita mbele yangu kimya, uso umekaza, inatoa machozi, nitaitofautisha vipi na msiba?"

Baba akasema, "Ndiyo maana nimemkataza, mzee. Haraka haraka haina baraka."

"Katekista, kanisani una kengele ngapi?"

"Moja tu, mzee."

"Ya Jumapili unaipigaje?"

"Kwa kuichangamsha."

"Na mtu akifa?"

"Moja moja. Naacha nafasi."

"Watu wanachanganya?"

"Hawachanganyi."

"Kengele ni ileile. Sasa huyu mtoto ni kengele, na wewe badala ya kumfundisha mlio wa Jumapili, unataka kumkata ulimi." Akamweka kuku vizuri mapajani. "Aliyekufa ni mimi, na faini naitoza mimi. Kuku nimepokea. La pili, kila asubuhi huyu apite hapa mlangoni mbio, anaimba. Nikimsikia nitajua bado nipo. Asipoimba, marufuku yako ibaki palepale."

Nani atamkatalia mgonjwa? Baba aliaga, tukarudi nyumbani.

Sasa hapo, mwanangu, ndipo nilipojua hofu ni kitu gani. Kukimbia nilikuwa naweza. Lakini kuimba! Mbele ya kijiji kizima, sauti yangu ikiwa kama mlango wa ghala, na wimbo wenyewe ni wa mapenzi, mtoto wa katekista! Asubuhi ilipofika nilitoka nimefunga mdomo. Nikasema, nitaimba nikivuka nyumba ya kwanza. Nikavuka. Nikasema, labda ya pili. Nikavuka. Miguu inakwenda, koo limegoma, na nilijua kabisa kwamba nikifika mlangoni kwa Babu nikiwa hivi, mashindano ndiyo basi tena.

Nikafika kwa Mama Deusi. Akaniona. Kimya, uso umekaza. Ufagio ukadondoka. Mikono ikaanza kupanda.

"Uwi... Nani tena, Skola?"

Nilimwona anavyovuta pumzi ya kilio. Nikajua nikichelewa kidogo nitaua mtu wa pili kwa wiki moja. Nikafumba macho nikaachia:

"Njoo, chai inapoa eeh! Njoo, mpenzi, chai inapoa!"

Nilipofumbua macho, mikono ya Mama Deusi ilikuwa imegandia hewani. Tukatazamana. Halafu, kwa kile kipaji chake chote, akaitikia: "Inapoa!"

Haa! Nikaongeza mbio. "Njoo, chai inapoa eeh!" Nyumba ya pili mtu akaitikia toka ndani ya blanketi. Wanawake waliokuwa wanakwenda kuvuna mahindi wakapisha njia, wakaitikia wote kwa pamoja, vikapu vinatikisika kichwani. Mzee Masanja akapiga mluzi mpaka ng'ombe wakageuka. Nakwambia, pumzi iliniishia, mbavu zikauma, sauti ikakatikakatika, na sikuwahi kukimbia vizuri namna ile! Mlangoni kwa Babu Kalolo nilipita nikiwa nimebakiwa na "inapoa" peke yake, na kutoka ndani nikasikia fimbo inagonga mlango: ko, ko, ko. Marehemu anacheza dansi!

Nikarudi nyumbani. Baba alikuwa amesimama mlangoni, rozari mkononi. Amesikia yote. Kijiji kizima kilikuwa kimeimba wimbo wa bendi kabla ya sala ya asubuhi, kwa sababu ya binti yake. Nikasimama mbele yake natweta, nangojea hukumu.

Akakohoa. Akaangalia pembeni. "Huo wimbo," akasema, "hauna ubeti wa pili?"

"Upo, Baba."

"Basi kesho imba na huo. Usiwachoshe watu."

Ndivyo nilivyokwenda mashindanoni, na Baba mwenyewe alinisindikiza. Nilikuwa wa nne. Usiniulize tulikuwa wangapi.

Sasa sikia, mwanangu, niseme neno langu kabla kiti hakijaniita. Nakuona unavyokimbia na vile vidude masikioni, kofia umeishusha mpaka machoni. Nakuona unavyosoma hadithi kwenye simu, mtu akiingia unajifanya unaangalia mpira. Nikikuuliza unapenda nini unanijibu, "Kawaida tu, Bibi." Kawaida! Mtu wa umri wako na miguu hiyo! Unaogopa washikaji watakucheka. Watacheka, ndiyo, kicheko hakijawahi kumvunja mtu mguu. Mimi walinicheka mpaka Milepa kule bondeni, na bado nakimbia. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kinachofichwa watu watakipa jina wanalolijua wao. Watakuona umenuna, wataita kiburi. Watakuona kimya, wataita ugonjwa. Kumbe ndani bendi inapiga!

Kitabu kikikukamata, msimulie mtu, hata kama ni bibi yako anayesinzia. Wimbo ukikuingia, uimbe, hata kama sauti ni ya mlango wa ghala kama yangu. Usingoje mpaka uwe bingwa ndiyo upende waziwazi. Anayekupenda hawezi kukufungulia njia kama hajui unakwenda wapi. Baba yangu hakuwa adui wa mbio zangu. Hakuwa amewahi kuzisikia, basi.

Haya, nenda. Mungu wa babu zetu akupe miguu isiyochoka kupanda milima yetu ya Lyamba lya Mfipa, akupe macho yenye njaa ya kurasa, na akupe majirani wanaojua kuitikia. Na kila utakapopita, watu waweke majembe chini kwa kutaka kucheza.