Efrazia, mwandishi wa ng'ombe waliopotea

Saa mbili asubuhi mnada wa Nyarero umeshachangamka, na Efrazia Mokami ameshika kalamu lakini haandiki. Anauliza.

"Pembe zake, baba, zinatazama wapi?"

"Moja juu, moja imeinamia jicho," anajibu mzee Wangwe, ambaye maksai wake hajaonekana tangu Jumapili.

"Sikio?"

"La kushoto limekatwa ncha."

Efrazia anaandika mistari mitatu kwa herufi kubwa, anaisoma kwa sauti, kisha anaweka kalamu chini. "Sasa fikiria alama moja ambayo mtu wa mbali hawezi kuijua. Umeipata?"

Mzee anafungua kinywa.

"Usiniambie. Hata mimi usiniambie. Rudi nayo nyumbani."

Mzee Wangwe anacheka, anatoa shilingi yake, anaondoka na tangazo ambalo kwa macho ya mgeni halijakamilika. Ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Efrazia ana miaka ishirini na mitatu. Alimaliza darasa la saba, akafundisha kisomo cha watu wazima, na mwaka jana, 1974, akajitwisha meza ndogo hadi kwenye baraza la duka la ushirika, akaanza kuwaandikia watu. Hana mwajiri wala mshahara.

Mwanzoni aliandika chochote kilichokuja: barua za askari walioko kambini, maombi ya kazi, risala za mikutano, hata barua za wachumba. "Kila aliyekuja nilimwambia naweza," anasema. "Kumbe nilikuwa naweza kidogo kidogo kila mahali. Hakuna aliyesema, nendeni kwa Efrazia, hilo ndilo lake."

Jirani yake barazani, Kornelio, karani mstaafu wa mahakama anayeandika barua za rufaa, alimhurumia. "Binti, mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika kumi," alimwambia. "Chukua kesi. Penye machozi watu hufungua fundo la kitenge bila kuombwa."

Ushauri haukuwa mbaya. Rufaa moja ni shilingi tano. Efrazia alijaribu kwa miezi miwili, zikamshinda. Anasema akimsikiliza mdai alimwamini, na akimsikiliza mdaiwa alimwamini zaidi.

Ndipo akaja Agustina Nyangwine.

Agustina ni mjane mwenye wajukuu wanne na, wakati huo, ng'ombe mmoja wa maziwa. Watu walipohamia kijiji kipya cha ujamaa mifugo ilichanganyika njiani, na ng'ombe huyo akapotea. Efrazia alimwandikia tangazo kwa moyo wake wote: rangi ya kahawia, baka jeupe kwenye paji, mikato miwili sikio la kulia, kovu la moto karibu na kiwele. Watu walisimama kulisoma, wakasifu. Mmoja alisema ni kama anamwona ng'ombe mwenyewe.

Mwizi naye alimwona. Ng'ombe alikuwa ameokotwa na kufungwa kwenye zizi la kijiji cha jirani. Mtu asiyejulikana akafika hapo, akataja alama moja baada ya nyingine mpaka kovu, akakabidhiwa. Agustina alipofika kesho yake, alikuta kamba tupu.

"Hakunitukana," anasema Efrazia, na hapa sauti yake inashuka. "Alilibandua lile tangazo, akaniletea mkononi. Akasema, mwanangu, umeandika vizuri mno. Afadhali angenichapa. Niliona aibu mpaka nikataka kuacha kazi."

Hakuacha. Asubuhi iliyofuata alimwambia Kornelio kwamba amechagua: ng'ombe waliopotea, basi. Mzee akamwuliza kama amerogwa, aache shilingi tano akimbilie moja.

"Hapa ndipo nilipoharibu," alimjibu. "Nitajifunza hapa hapa."

Akaanza kukaa na wachungaji mtoni, akijifunza pembe na mikato ya masikio. Akamwendea Hezekia Waitara, katibu wa kijiji, akamwomba ng'ombe yeyote asitolewe mpaka mdai ataje alama ambayo haikuandikwa.

"Nilidhani ananiongezea kazi," anasema Hezekia. "Wiki mbili baadaye akaja mtu, akakariri tangazo kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwuliza, na ile nyingine? Papo hapo akakumbuka ana mgonjwa nyumbani."

Tangu hapo Efrazia ameandika matangazo thelathini na moja, na ng'ombe ishirini na wawili wamerudi kwa wenyewe. Wateja wanatoka mpaka Genkuru. Hata Kornelio siku hizi huwaelekeza watu: kama aliyepotea ana miguu minne, nenda meza ile.

Lakini ng'ombe wa Agustina hajarudi, na hilo Efrazia halisahau. Kila siku ya mnada huwauliza wanaotoka mbali. Wiki iliyopita mchuuzi wa ngozi alimpa habari: Kenyamonta, ng'ambo ya Mto Mara, yupo ng'ombe wa kahawia mwenye baka kwenye paji na kovu karibu na kiwele. Aliye naye anasema ni wake, na alama zote anazijua.

"Lazima azijue," anasema Efrazia. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Jumatatu yeye na Agustina watapanda lori la ushirika, wakiwa na barua ya utambulisho kutoka kwa Hezekia. Kornelio ana wasiwasi. Kila alama ilishaandikwa, anasema. Mtakwenda na ushahidi gani?

Agustina, aliyeketi kando ya meza akisubiri mnada uishe, ndiye anayejibu. "Huyu binti aliniuliza kila kitu, isipokuwa ninavyomwita. Nimemkamua miaka sita. Akinisikia, huacha hata majani mdomoni."

Efrazia anafunika kalamu yake.

"Jumatatu sichukui karatasi," anasema. "Nitamwomba mwenyekiti wa huko awaache ng'ombe malishoni. Yule bwana asimame upande mmoja, mama asimame upande mwingine. Halafu kila mtu aite."